Sita chini ya saba: namna ya kusoma mwaka uliogongwa juu ya mwaka kwenye sarafu za prufu

Senti 3 ya nikeli ya Marekani ya mwaka 1887 ni sarafu ndogo. Kipenyo chake hakifiki milimita 18, uzito wake haufiki gramu 2, na mwaka umeandikwa kwa namba ndogo chini ya kichwa cha Uhuru, yaani mwanamke anayewakilisha uhuru. Chukua moja ya prufu za mwaka huo, yaani sarafu zilizopigwa kwa ajili ya kutazamwa badala ya kutumiwa, iweke chini ya lenzi inayokuza mara 10, kisha tazama ile 7. Kwenye nyingi kati yake utakuta mguu wa 7 haukusimama peke yake. Kushoto kwake kuna kipande cha mkunjo kilichoinuka kidogo, na kulia kingine. Viunganishe kwa macho upate duara: ni tumbo la 6. Sarafu inasema 1887, lakini chini yake kuna 1886. Wakusanyaji huiandika 1887/6.

Wengi wanapotelea hapo hapo mwanzoni, kwa kudhani kwamba sarafu yenyewe ndiyo iliyokosewa. Sarafu haikukosewa. Kilichogongwa namba za miaka miwili ni chuma kilichoipiga, na kila sarafu iliyotoka kwenye chuma hicho ilitoka hivyo hivyo. Anayetaka kutambua aina hizi anachunguza kifaa ambacho hajawahi kukishika, kwa kutumia alama kilizoziacha.

Kifaa hicho ni muhuri wa chuma kigumu. Kila sarafu ina mihuri miwili, mmoja wa uso na mmoja wa nyuma, na kipande kitupu cha madini hubanwa katikati yao. Kama ilivyo kwa muhuri wa raba wa ofisi ya mtaa, mchoro ulio kwenye chuma umegeuzwa, kilicho kulia kinakuwa kushoto. Tofauti ni kwamba muhuri wa sarafu umechimbwa ndani. Kilichozama kwenye chuma ndicho kinachoinuka kwenye sarafu, na uwanda wa muhuri, yaani sehemu yake iliyo juu kabisa, ndio unaofanya uwanja bapa wa sarafu. Sentensi hiyo iweke kichwani, maana karibu kila kipimo kitakachofuata kinaitegemea.

Katika karne ya 19 kiwanda cha sarafu cha Philadelphia hakikuchonga kila muhuri kwa mkono kuanzia mwanzo. Kichwa, tai au shada viliingizwa kwa kukandamiza chuma laini kwa kielelezo kigumu. Mwaka haukuwamo kwenye kielelezo hicho. Uligongwa baadaye, kwa mkono, kwenye kila muhuri peke yake. Zamani fundi aligonga namba moja baada ya nyingine. Kuanzia kama 1840 ikawa kawaida kutumia panchi, yaani kipande cha chuma cha kugongea alama, yenye namba zote nne pamoja. Utaratibu huo ulidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiyo sababu sarafu za Marekani za wakati ule zina utajiri wa namba zilizopinda, zilizogongwa mara mbili, au zilizogongwa pasipotakiwa kabisa.

Sasa, prufu. Hizi ni sarafu zilizotengenezwa kwa ajili ya kutazamwa: mihuri iling'arishwa hadi uwanja ukawa kioo, vipande vitupu navyo viling'arishwa, na mgandamizo ulikuwa mkubwa kuliko wa sarafu za matumizi, mara nyingi kwa kupigwa zaidi ya pigo moja. Ndiyo maana ukingo wa prufu nzuri ni wa pembe kali na namba zake zimesimama wima. Kuanzia 1858 kiwanda cha Philadelphia kilianza kuwauzia wakusanyaji sarafu hizi kwa utaratibu wa kawaida, na kila mwaka kikaandaa mihuri kwa ajili yao.

Mihuri ni mali, na mwaka ukiisha kabla muhuri haujachakaa, muhasibu na fundi wanatazamana. Njia moja ni kuutupa. Nyingine ni kupunguza makali ya namba ya zamani kwa kuukwangua au kuung'arisha uwanja, kisha kugonga mwaka mpya juu yake. Kama muhuri ulikuwa haujakazwa kwa moto, kazi ni nyepesi. Kama ulishakazwa, lazima ulegezwe kwanza ndipo upokee panchi. Yote hayo ni nafuu kuliko kuanza upya.

Hapo senti 3 inaanza kueleza habari zake. Mwaka 1883 ada ya barua nchini Marekani ilishuka kutoka senti 3 hadi senti 2, na sarafu hii ikabaki haina kazi ya maana. Mwaka 1886 kiwanda hakikutengeneza hata moja kwa ajili ya matumizi ya kawaida. Zilitoka prufu 4,290 tu. Kwa hiyo muhuri wowote wa 1886 uliobaki mzima ulikuwa muhuri wa prufu. Mwaka uliofuata zikapigwa sarafu za matumizi 5,001 na prufu 2,960, na 1887/6 inajulikana kwa upande wa prufu. Wala si adimu kati ya wenzake: miongoni mwa prufu za 1887 ndiyo inayoonekana mara kwa mara, na anayetaka prufu yenye 7 safi ndiye anayepata shida.

Mfano wa pili unafuata njia ile ile kiasi cha kukufanya uamini kuna kanuni. Senti 5 ya nikeli yenye ngao, iliyobuniwa na James B. Longacre kama ilivyokuwa senti 3, mwaka 1878 ilipigwa kwa prufu peke yake, 2,350. Mwaka 1879 zikatoka prufu 3,200, na sehemu ya hizo ni 1879/8. Tena mwaka wa prufu tupu, tena muhuri uliobaki, tena namba mpya juu ya ile ya jana. Mimi naanzia hapo kabla hata ya kugusa lenzi. Nauliza kama mwaka uliotangulia ulikuwa na mihuri ya kubaki, na kama mchoro wa sarafu ulikuwa haujabadilika kati ya miaka hiyo miwili. Mtu akiniambia ana mwaka juu ya mwaka ambao mchoro wake wa zamani ulikuwa tofauti na huu, sihitaji hata picha.

Baada ya hapo ndipo jicho linaingia kazini. Jambo la kwanza ni kujua kama alama imeinuka au imezama. Namba ya zamani ilikuwa imechimbwa kwenye muhuri, kwa hiyo mabaki yake kwenye sarafu lazima yawe yameinuka juu ya uwanja. Mkwaruzo wa kisu, au shimo la kutu, umezama. Inaonekana rahisi, lakini uwanja wa prufu ni kioo na kioo hudanganya: chini ya taa moja kali, mkwaruzo mwembamba na mstari ulioinuka hung'aa sawasawa. Dawa yake ni kuizungusha sarafu polepole huku taa ikibaki palepale. Kilichoinuka hung'aa upande unaoelekea taa na kutupa kivuli upande wa pili. Kilichozama hufanya kinyume chake. Picha moja ya simu haiwezi kukuonesha hilo, hata simu iwe ya bei gani.

La pili ni umbo. Mabaki lazima yalingane na namba halisi ya mwaka wa zamani, kwa mkunjo, kwa kimo na kwa mahali. Usifananishe na 6 iliyo kichwani mwako; fananisha na 6 ya sarafu ya 1886 yenyewe. Kwenye 1887/6 kinachobaki ni pande mbili za tumbo la 6, na hakiwezi kuwa kingine, kwa sababu hakuna sehemu ya 7 inayojikunja pale chini. Kwenye 1879/8 kazi ni ngumu zaidi, kwani nusu ya juu ya 8 na ya 9 zinafanana. Ushahidi wote uko nusu ya chini, pale ambapo 8 inajifunga na 9 haijifungi. Anayekuonesha unene kidogo juu ya 9 na kusema ni 8, hajakuonesha kitu.

Na mabaki hayo yasitarajiwe kuwa na unene wa namba kamili. Panchi ni nyembamba nchani, pana juu. Ukiung'arisha uwanja wa muhuri unaondoa sehemu ya juu ya shimo, ile pana, na kubakiza chini yake palipo pembamba. Kwa hiyo 6 ya kweli inayochungulia nyuma ya 7 huwa nyembamba na fupi kwa kimo kuliko 6 ya kawaida. Ukikuta namba ya chini ina unene uleule na urefu uleule kama ya juu, jiulize vizuri unachotazama.

Zitazame pia namba tatu za mwanzo. Kama mwaka mpya uligongwa kwa panchi ya namba nne, basi 188 mpya iliangukia juu ya 188 ya zamani, na ni nadra mkono wa binadamu kulenga sawasawa kabisa. Mstari mwembamba pembeni ya 1 au ndani ya duara la 8 ni shahidi wa ziada. Lakini ni shahidi wa kugongwa mara mbili tu. Haukuambii peke yake kwamba mara ya kwanza ulikuwa mwaka mwingine.

Hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Fundi akigonga 1883 kidogo pembeni, akaona haikukaa vizuri, akagonga tena 1883 ileile, tunapata mwaka uliorudiwa, ambao ni kitu kingine kabisa. Senti 5 ya ngao ya 1883/2 ipo kweli, kwenye sarafu za matumizi, na kuna mihuri kadhaa inayotambulika. Lakini kuna pia mihuri ya 1883 iliyorudiwa ambayo 3 yake imevimba, na wauzaji huipenda sana iitwe 1883/2, kwa kuwa bei inapanda papo hapo. Hata vitabu huteleza. Senti ya kichwa cha Mhindi Mwekundu ya 1869 iliorodheshwa kwa miaka mingi kama 1869/8. Uchunguzi wa baadaye ukaonesha ni 1869 juu ya 1869, 9 juu ya 9. Sarafu haikubadilika hata punje, lakini jina lake lilibadilika.

Kuna na kivuli cha mashine. Mihuri ikitetemeka au kuteleza kidogo wakati wa kuachana na sarafu, husukuma ubavu wa namba na kuacha ngazi bapa pembeni yake. Kwenye prufu ngazi hiyo inang'aa na kuvutia kweli. Itambue kwa dalili mbili: ni bapa kama ubao badala ya kuwa na mgongo, na imekula unene wa namba yenyewe badala ya kuuongeza. Tena prufu zina mtego wao wa peke yao. Kwa kuwa nyingi zilipigwa zaidi ya pigo moja, sarafu ikisogea unywele mmoja kati ya pigo na pigo, herufi na namba zote za upande huo huonekana mbilimbili kwa mwelekeo mmoja. Hilo limetokea kwa sarafu hiyo moja tu. Dada yake iliyofuata kwenye mashine haina. Ndiyo maana sarafu moja haitoshi kutangaza aina mpya. Ya pili yenye alama ileile mahali palepale ndiyo inayothibitisha kwamba alama iko kwenye muhuri.

Sasa tuje kwenye mistari, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Tazama uwanja wa prufu ya zamani kwa makini, karibu na mwaka, utaona mistari myembamba sana inayokwenda sambamba. Wengine wakiiona tu hushtuka na kusema sarafu imesuguliwa. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Fundi alipong'arisha muhuri aliacha mikwaruzo kwenye uwanda wake, na mikwaruzo iliyozama kwenye muhuri inainuka kwenye sarafu. Zaidi ya hapo, kitambaa chake hakikuweza kufika ndani ya namba na kichwa, kwa sababu kwenye muhuri vitu hivyo ni mashimo. Basi mstari wa kung'arishia hufika ukingoni mwa namba ukakatika, na wakati mwingine huendelea upande wa pili kana kwamba umepita chini kwa chini. Mkwaruzo wa mtu aliyeisugua sarafu nyumbani kwa kitambaa umezama, na hauheshimu mipaka: unapanda juu ya namba na kushuka.

Mistari ya kweli ni kama alama za vidole vya muhuri. Prufu mbili zenye mistari ileile, kwa pembe ileile, zimetoka kwenye muhuri mmoja ukiwa katika hali moja. Hilo ni muhimu kwa sababu mihuri ya prufu iling'arishwa tena na tena ili kurudisha kioo chake, na kila mara mabaki ya mwaka wa zamani yalizidi kupungua. Muhuri mmoja unaweza kutoa sarafu za mwanzo ambazo namba ya chini inasomeka vizuri, na za mwisho ambazo inaonekana kwa shida au haionekani kabisa. Unapokuta sarafu ambayo mabaki yamefifia, rejea kwenye alama nyingine za muhuri uleule: namba ya kwanza iko umbali gani na ukingo, mwaka umeinamia upande gani, kuna ufa au kovu wapi. Zote zikilingana na sarafu inayojulikana, umeupata muhuri, hata kama namba ya zamani imekwisha kufutika. Kama utaitoza bei ya aina hiyo, hilo ni suala la wewe na mnunuzi wako.

Wanaozipenda aina hizi hukaa muda mrefu upande wa mwaka na kusahau upande wa pili. Robo dola ya 1827 inafundisha adabu hapo. Muhuri wake wa uso ulikuwa wa 1823, na huo wenyewe ulikuwa umetengenezwa juu ya 1822, hivyo baadhi ya watu huiandika 1827/3/2. Vitabu vya kiwanda vinataja robo dola 4,000 kwa mwaka huo, lakini inaaminika kwamba hizo zilikuwa na mwaka 1825. Za 1827 zinazojulikana leo ni chache mno, na ni prufu. Miongo kadhaa baadaye muhuri uleule wa uso ukatolewa tena ghalani na kutumika kupiga nakala kwa ajili ya wakusanyaji. Kwa hiyo mwaka juu ya mwaka uko kwenye zote, za asili na za marudio. Ukiishia hapo huwezi kuzitofautisha.

Geuza sarafu. Chini ya tai kuna maandishi 25 C. Kwenye sarafu za asili, kitako cha 2 kimejikunja. Kwenye za marudio kimenyooka kama rula, kwa sababu waliozipiga walichukua muhuri wa nyuma uliokuwa wa 1819. Juu ya hapo, mihuri ilikuwa imekaa muda mrefu ikapata kutu, na kila kishimo cha kutu kwenye chuma kimekuwa kipele kidogo kwenye uwanja wa sarafu. Namba moja upande ambao hauna mwaka inatenganisha sarafu ya 1827 na ile iliyopigwa wakati waliozipiga za kwanza wengi wameshastaafu au kufa.

Njia hii ya kusoma mihuri kwa kitu kidogo haihitaji prufu wala kioo. Nchini Tanzania kuna mfano mzuri wa sarafu ambazo hazina ung'aavu hata kidogo. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa vitani, karakana ya reli ya Tabora ilipiga sarafu za heller 5 na heller 20 (heller ni sehemu ndogo ya rupia) kwa shaba na shaba nyeupe ya chakavu, pamoja na rupia 15 za dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Alama yao ni herufi T. Mihuri ilichongwa huko huko, kwa haraka, na haifanani. Kwenye heller 20 wakusanyaji hutazama ukubwa wa taji upande mmoja, na upande wa pili hutazama ncha za herufi L katika neno HELLER, kama zimechongoka au zimejikunja, kisha huandika michanganyiko yake. Kwenye rupia 15, ile yenye tembo mbele ya mlima, hutazama pambo la kulia linaishia chini ya herufi gani ya OSTAFRIKA: T au A. Zilipigwa 16,198 kwa jumla, na swali la pambo hilo linazigawa zote makundi mawili.

Kwa upande wa Marekani, mlango wa panchi ya mkono ulifungwa pale mwaka ulipoanza kuingizwa kwenye kielelezo kikuu pamoja na mchoro mwingine. Mwaka juu ya mwaka haukukoma, ila ulibadilisha njia. Senti 10 ya 1942/1 ilitokana na muhuri uliokandamizwa mara ya kwanza kwa kielelezo cha 1941 na mara ya pili kwa cha 1942. Hiyo ni sarafu ya matumizi, lakini naitaja kwa sababu vipimo vyake ni vingine: huko huangalii mkono wa fundi aliyelenga vibaya, na mabaki ya namba ya zamani hayakukwanguliwa kwanza, kwa hiyo 1 yake imesimama nene na wazi pembeni ya 2. Anayeizoea hiyo kisha akaja kuitafuta 1887/6 kwa matarajio yaleyale ataipita bila kuiona.

Ukitaka kununua, muombe muuzaji picha mbili za mwaka, taa ikiwa kushoto kwenye ya kwanza na kulia kwenye ya pili, na picha ya upande wa nyuma. Uwe na picha ya sarafu ya mwaka uliotangulia pembeni. Sarafu ikiwa imefungwa kwenye kasha la kampuni ya ukadiriaji wa ubora wa sarafu na lebo haitaji aina, usikate tamaa wala usifurahi mapema: kampuni nyingi huandika aina ya muhuri pale tu mwenye sarafu alipoomba na kulipia, na kuna 1887/6 zilizoingia kwenye makasha zikiitwa 1887 tu.